Tonge Moja, Neno Moja

Tangu turudi, kila anayekuja kibandani kwangu na suruali ya kupunguza haondoki bila kuniuliza, "Dada Gau, kule ziwani ilikuwaje?" Namweleza mmoja, naye anakwenda kumweleza mwingine, na habari ikinirudia naikuta imeota mkia. Juzi nimesikia eti Baba alizama. Baba hakuzama. Kwa hiyo nimeiacha cherehani na kuandika, wanakwaya wenzangu, msomeane baada ya mazoezi. Mkiniona barabarani niulizeni habari nyingine.

Kuna mambo mawili ya kujua kwanza. La kwanza ni Baba mwenyewe. Wengi wenu Mwalimu Damasi aliwafundisha sayansi darasa la tano, lakini ninyi mlimjua akiwa na chaki. Sisi tulimjua akiwa na sahani. Nyumbani kwetu hakuna aliyekula hivihivi tu. Ugali ulianzwa pembeni, kwa sababu joto hutoka pembeni kwanza, na anayechota katikati ana haraka ya kuungua. Tonge lilikandwa mpaka liache kushika kiganja, ndipo dole gumba lipige shimo, na hicho alikiita kijiko pekee duniani kinachomezwa pamoja na mchuzi wake. Muwa uliliwa kutoka kileleni kwenda shinani, maana ulimi huzoea utamu upesi na lazima uupandishie kidogo kidogo. Hindi la kuchemsha uliling'oa mstari mmoja kwa kidole, na mistari iliyobaki ikajilaza yenyewe kwenye nafasi. Yai liligongwa upande ulio butu, kwenye chumba cha hewa. Na samaki, samaki alikuwa somo la juma zima. "Samaki ana ramani," alikuwa akisema. "Anza mgongoni, fuata mifupa inakolala, usipigane nayo." Marehemu Mama alikuwa akilalamika kwamba chakula cha mchana kwetu huisha jioni.

Mwaka jana, tukiwa kwenye kuchuma kahawa, Baba akapata kiharusi. Kilichukua mkono wa kushoto, kikachukua maneno mengi, halafu kikachukua koromeo. Muuguzi alinieleza kwamba kuna kifuniko kinachofunga njia ya hewa mtu anapomeza, na cha baba yangu sasa ni kama mlinzi anayesinzia getini. Akanipa masharti. Mgonjwa akae wima. Tonge liwe dogo kama punje ya harage. Akimeza, kidevu kiguse kifua. Asubiri. Kisha aseme neno moja kwa sauti. Sauti ikitoka safi, tonge limekwenda kunakotakiwa, na unaweza kumpa jingine. Sauti ikitoka kama ya mtu mwenye maji mdomoni, acha papo hapo. Na maji matupu asipewe kabisa, maana yanakimbia kuliko mlinzi. Kila kitu kiwe kizito. Nilipouliza yakienda vibaya inakuwaje, aliniambia kuhusu mapafu, kisha akaangalia pembeni.

Basi nyumbani kwetu ikawa tonge moja, neno moja. Maneno aliyachagua mwenyewe. Mvua. Chaki. Kuku. Siku nyingine alinitania, akameza kijiko cha uji na kusema "nyama". Ila miezi yote hiyo hakuwahi kutaja jina la mtu, hata langu.

Jambo la pili ni Baba mdogo Longini, mdogo wake wa tumbo moja, anayeishi kwao kando ya ziwa, mbele ya Liuli. Miaka kumi na moja walikuwa hawasemeshani. Bibi, mama yao, alipofariki, Baba alifika na kukuta kaburi limeshafukiwa. Akasema mbele ya watu wote kwamba hawakumsubiri, akakataa chakula cha msiba, akageuka na boti ileile iliyomleta. Kukosa mazishi watu husamehe. Kuondoka msibani kwa mama yako bila kuonja hata tonge, wakati mdogo wako amekunawisha, hilo watu wa kule hawalisahau.

Sasa siku moja Baba alisukuma kijiko changu pembeni na kutoa sentensi yake ya kwanza nzima tangu augue. Alisema, "Nataka kula kwa Longini." Nilipiga simu. Baba mdogo akasema, "Aje. Lakini akija, ale." Hapo ndipo roho yangu ilipohamia mkononi. Nilikuwa nampeleka mtu asiyeweza kula, mahali ambapo asipokula ni bora asingekwenda.

Mbinga mjini mpaka kona ya lori

Kasiani, yule jirani mwenye pikapu anayepeleka miche ziwani, alikubali kutuchukua. Baba akakaa mbele, mimi katikati, na mapajani nimepakata chupa ya chai ya lita mbili yenye uji mzito wa ulezi. Nilikuwa nimeupika alfajiri na kuukoroga mpaka mwiko ukasimama. Ile chupa niliibeba kama sakramenti.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilimlisha Baba gari likitembea, kwa sababu alikuwa ametoka bila kifungua kinywa, na Kasiani sikumweleza lolote. Baba akameza, akashusha kidevu, akasubiri, kisha akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Ng'ombe."

Kasiani akakanyaga breki. Uji ukanimwagikia kwenye gauni, miche ikalala, na yeye ametoa kichwa dirishani anatafuta ng'ombe.

"Yuko wapi, Mwalimu?"

"Hakuna ng'ombe," nikasema kwa hasira. "Anakula."

"Anakula ng'ombe?"

Nilimweleza masharti yote ndipo akaelewa. Alicheka, na Baba akacheka kwa upande wa mdomo unaocheka, nami nikabaki nimenuna na gauni langu la ulezi. Tangu hapo tulikula gari likiwa limesimama.

Tulipoanza kushuka kuelekea ziwani tukakuta lori la mbao limelala kwenye kona, limeziba njia yote. Walikuwa wanasubiri gari la kulivuta. Tukakaa pale kwa muda wa saa tatu, na jua linapanda. Abiria wa magari mengine walikuwa wameshuka wamejilaza kwenye majani, na akinamama wa karibu wameshafika na mabeseni, maana kule lori likilala soko linaamka.

Mama mmoja alikuwa anauza miwa, na huku anauza anatafuna wake, ameanzia shinani. Baba alimtazama kwa uchungu wa kweli. Akanyoosha mkono, akamwonyesha ageuze. Mama akageuza muwa, akatafuna kutoka kileleni, akashuka pingili moja, pingili ya pili, kisha akasimama.

"Huyu mzee ni nani?" akaniuliza. "Mbona muwa umekuwa mwingine?"

"Mwalimu," nikasema. Nilijivuna, siwafichi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kumwona anafundisha. Nikamwacha na yule mama, nikaingia vichakani kwa haja zangu.

Niliporudi nilisikia kikohozi kabla sijamwona. Yule mama amemshikia Baba kikombe cha maji mdomoni, amemwonea huruma kwa jua lile, na Baba macho yamemtoka, midomo imegeuka rangi. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka kikombe kiliruka, nami nimemwinamisha Baba mbele nimeshika kifua chake, na kikohozi kinakuja kidogo, kinakatika, kinakuja tena. Kasiani anauliza tufanye nini. Mwisho hewa iliingia kwa sauti mbaya, na nilishukuru kuisikia sauti ile mbaya.

"Mtoto gani unamnyima baba yako maji?" yule mama akafoka. Watu walikuwa wametuzunguka.

"Maji yanamuua," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya wote.

Alipoelewa alikaa chini kando ya kikombe chake. "Mngeniambia," akasema kwa upole. "Ugonjwa wa namna hii haujaandikwa usoni."

Maneno yale yalikuwa dawa, lakini sikuyanywa. Nilichojifunza mimi pale konani kilikuwa kingine. Nilijiapia kwamba mpaka turudi Mbinga, hakuna mtu atakayempa Baba kitu chochote zaidi yangu mimi na chupa yangu. Mtaona kiapo kile kilinifikisha wapi.

Mbamba Bay

Tulifika saa sita imepita. Kasiani akatuongoza kwenye mgahawa ulio karibu na boti zinapopakia, ambao husifia samaki wake kila safari. Moshi wa mafuta ulikuwa unatoka mlangoni. Niliwaza kwamba Baba angalau akae kivulini, mimi nile haraka, yeye nimpe uji.

Baba alifika mlangoni, akaona meza, akashika mwimo wa mlango na kukataa.

"Hapana," akasema.

"Baba, ni kukaa tu. Hutalazimishwa kula."

"Hapa hapana."

Alikwenda akakaa kwenye gogo upande wa nje, ameupa mgahawa mgongo. Kasiani aliingia akaagiza mbasa mzima wa kukaanga, nami nikabaki nje na Baba. Nilidhani ni aibu, mtu aliyekuwa bingwa wa samaki hataki kuonekana akilishwa uji mbele ya sahani za wenzake. Nikamwonea huruma nikakaza moyo. Nilimpa vijiko sita. Baada ya kila kijiko nilisubiri neno, na kila mara alisema neno lilelile, "Boti." Boti. Boti. Mara sita. Nikamwambia, "Ndiyo, Baba, boti tutaipata." Akanitazama kama mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi.

Boti yenyewe haikuondoka. Upepo wa mwera ulikuwa umeamka na ziwa limechafuka, na mwenye boti, mtu mmoja wa fulana nyekundu, alisema hatii mashine majini mpaka mawimbi yapungue. Kasiani alituaga, akaenda na miche yake. Tukasubiri. Kila nusu saa Baba alinyanyuka akaenda mpaka majini, akasimama, akarudi. Sikuwahi kumwona hivyo. Alipofundisha alikuwa mtu wa kusubiri mpaka mtoto mgumu kabisa aelewe, na sasa alikuwa anamtazama mwenye boti kama mtu anayetaka kumshika shati.

"Mzee wako ana haraka ya nini?" mwenye boti akaniuliza.

"Anakwenda kula," nikasema. Akadhani namtania.

Majini

Tuliondoka alasiri. Boti ilikuwa na watu wanane, magunia ya muhogo mkavu na kuku wawili. Mawimbi yalikuwa yamepungua lakini hayakuisha, na kila boti ilipopiga chini, maji yalirukia usoni kwetu. Hapo nikagundua jambo ambalo halikuwa kwenye masharti ya muuguzi. Baba alikuwa amefungua mdomo. Mtu aliyezaliwa kwenye maji yale, miezi hajaonja hata tone la maji matupu ukiacha yale ya konani, alikuwa anatoa ulimi nje kuyapokea.

Nilimfunika uso kwa kitenge. Akakitoa. Nikamfunika tena. Abiria wote walikuwa wanatutazama, mwanamke anamziba mzee mdomo katikati ya ziwa, na mmoja akauliza kwa Kinyasa neno ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Nikasema kwa sauti, "Anaumwa." Nilisema hivyo tu, kwa ukali, na watu wakasogea kama vile ni ugonjwa wa kuambukiza. Hata pale sikueleza. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na naogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Mnanijua.

Njia nzima nilikuwa nahesabu kilichobaki kwenye chupa. Kilitosha mlo mmoja. Nikaupanga: tutafika, tutasalimia, nitampa uji wake pembeni, kisha yeye na ndugu yake wakae, agusishe tonge mdomoni kwa heshima, yaishe. Niliupenda sana mpango ule.

Mkekani

Jua lilikuwa bado halijashuka upande wa milima ya Malawi tulipoteremka. Baba mdogo Longini alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, mrefu kuliko Baba, mvi tele, mikono nyuma. Mkewe, Mama mdogo Skola, alikuja mbio akanikumbatia. Mumewe hakuja.

"Shikamoo, Baba mdogo," nikasema.

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kwa Baba. Aliuona mkono wa kushoto unaoning'inia. "Kaka, karibu," akasema, na Baba akainamisha kichwa. Hakuna aliyempa mwenzake mkono.

Mpango wangu ulikufa hapo hapo. Chakula kilikuwa tayari, maana walikuwa wametusubiri tangu mchana. Mkeka ulikuwa umetandikwa barazani, na wazee wawili wa jirani wameshakaa kama mashahidi. Skola akanipa jagi na beseni niwanawishe wanaume. Niliwanawisha. Ukaja ugali wa muhogo, mweupe, unaovutika, chakula ambacho muuguzi angekiona angekimbia. Ukaja mchuzi mwepesi wa magege, samaki wawili wamelala na mifupa yao yote. Na wanawake, kama mnavyojua desturi, chakula chetu kilikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, mahali ambapo baraza huioni.

Skola alinishika mkono. Sikwenda. Nikapiga magoti pembeni ya mkeka, karibu na bega la Baba.

"Mwanangu," Baba mdogo akasema, "wenzako wako jikoni."

"Naomba nikae hapa, Baba mdogo."

Wazee walitazamana. Na mimi, badala ya kueleza, kwa mikono hii hii ninayoshonea, nikafungua mkoba, nikatoa chupa ya uji na kikombe, nikaviweka juu ya mkeka.

Naomba mfikirie walichokiona wao. Mtu aliyekataa chakula cha msiba wa mama yake amerudi baada ya miaka kumi na moja, amealikwa kula, na amekuja na chakula chake kutoka kwake. Kule kwetu mtu hubeba chakula chake kwenda kwa ndugu kwa sababu moja tu, anaogopa kulishwa kitu. Mzee mmoja alirudisha mkono uliokuwa unaelekea kwenye ugali, akaufuta kwenye suruali.

"Hicho ni nini?" Baba mdogo akauliza.

"Uji, Baba mdogo. Wa Baba."

"Umetoka nao Mbinga."

"Ndiyo. Daktari amemkataza…" Nikaona jinsi neno lilivyotua, nikajaribu kulirudisha, nikalifanya baya zaidi. "Amemkataza chakula cha watu."

Nyuma ya nyumba nilimsikia Skola ameacha kusonga.

"Nilisema aje ale," Baba mdogo akasema taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nilimnawisha siku ile, akageuka. Leo amenawishwa tena kwangu. Kaka, ungebaki kwako."

Alianza kunyanyuka. Ndipo Baba akanyoosha mkono wake wa kulia kwenye ugali.

Hakuchota katikati. Alichota pembeni, palipopoa, kiasi cha punje ya harage. Nilimwona anakanda. Ugali wa muhogo hauachii kiganja kirahisi, lakini alikanda mpaka ukaachia, akapiga shimo kwa dole gumba, akagusisha mchuzi. Nilisema, "Baba, usile," kwa sauti ambayo wote waliisikia. Akala.

Kidevu kikashuka kifuani. Nikaona koo likipanda, likakwama, likashuka. Tukasubiri. Mimi nilijua tunasubiri nini, wao hawakujua, walimwona tu mzee ameinamisha kichwa mbele ya ndugu yake, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Longini," Baba akasema.

Sauti ilitoka safi kabisa. Baba mdogo, aliyekuwa nusu amesimama, akakaa.

Baba akachota tena. Akakanda. Akameza, akainama, akasubiri. Safari hii akasema, "Mama."

Tonge la tatu ndilo. Nililiona kosa kabla halijatokea, maana nilimwona ana haraka, ana sentensi nzima mdomoni na tonge lingali njiani. Akafungua kinywa kusema, na hewa ikavuta vyote pamoja.

Hakukohoa. Hilo ndilo muuguzi alilosema niliogope kuliko yote. Mkono wake ukashika koo, macho yakanitafuta, na hakuna sauti hata kidogo. Mzee wa jirani akakimbiza kikombe cha maji, nikakipiga kikaruka mpaka uani. "Maji hapana," nikapiga kelele. "Koo halifungi. Kiharusi. Maji yanamuua, kila kitu kinamuua, mwinamisheni." Nilieleza katika pumzi moja yale yote ambayo ningeyaeleza tangu Mbinga.

Aliyemwinamisha ni Baba mdogo. Alimshika kifua kwa mkono mmoja, akampiga katikati ya mabega kwa kiganja cha mwingine, mara moja, mara mbili, anasema, "Kaka, toa. Kaka, toa." Mara ya nne tonge lilitoka, dogo, likaanguka kwenye mkeka. Kisha kikohozi, kisha hewa. Nilikuwa nalia na siwezi kuacha.

Baba mdogo hakumwachia. Baba alipumua muda mrefu akiwa ameegemea mkono wake, jasho linamtiririka. Kisha akanyanyua kichwa, akaimalizia sentensi iliyokuwa imekaribia kumuua.

"Siku ile," akasema, "nilikula."

Hakuna aliyeelewa.

"Mbamba Bay. Samaki." Alipumzika. "Boti… ikaniacha."

Hapo nikaelewa mlango wa mgahawa, na gogo, na lile neno boti mara sita. Siku ya mazishi ya mama yake, Baba alifika Mbamba Bay na njaa ya safari, akaagiza samaki. Akamla jinsi anavyokula samaki, kwa ramani, kuanzia mgongoni, bila kupigana na mifupa. Boti ikaondoka. Akapanda ya baadaye, akakuta kaburi limefukiwa, na kwa kushindwa kusema alichokifanya akasema hawakumsubiri. Chakula cha msiba hakukikataa kwa kiburi. Alikuwa ameshiba, na shibe ile ilimtia aibu miaka kumi na moja.

Baba mdogo alilitazama lile tonge lililoanguka mkekani. Nilidhani sasa ndiyo atasimama kweli.

"Samaki gani?" akauliza.

"Mbasa."

"Wa kukaanga?"

Baba akatikisa kichwa kukubali.

"Alikuwa mtamu?"

Baba alifikiri. Ni mtu ambaye hajawahi kudanganya kuhusu chakula. "Sana," akasema.

Baba mdogo Longini akaanza kucheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine, akajifuta uso kwa mkono wenye ugali. "Tulikusubiri, Kaka," akasema. "Tulikusubiri mpaka padri akatukataza kungoja zaidi."

Kisha akavuta gege mmoja kwake. Akatoa mifupa mmoja mmoja, hata ile midogo ya tumboni, akaipanga ukingoni mwa sahani. Nyama akaiponda kwa vidole, akachukua uji wangu wa ulezi bila kuniuliza, akachanganya mpaka ikawa nzito. Akachota yeye kwanza, kidogo kama punje ya harage. Akashusha kidevu kifuani. Akasubiri. "Kaka," akasema.

Wale wazee wawili, ambao mpaka leo sijui walielewa nini, nao wakachota, wakainamisha vichwa, wakasubiri, kila mmoja akasema neno lake. Skola alipokuja kuchungulia alikuta wanaume wanne wameinama juu ya sahani moja, akapiga ishara ya msalaba na kurudi jikoni polepole.

Nyumbani

Tulikaa siku tano. Kurudi hakukuwa na la kusimulia isipokuwa kwamba tulipofika Mbamba Bay Baba aliingia mgahawani mwenyewe, akakaa, akamtazama Kasiani, aliyekuja kutuchukua, akila, akamsahihisha mara mbili. Chupa yangu ilibaki kule. Baba mdogo aliing'ang'ania, na siku hizi anatwanga usipa mkavu, vile vidagaa vya ziwani, mpaka unga, anautuma kwa gari la miche, tunautia kwenye uji. Ni uvumbuzi wake, na Baba ameupitisha.

Muuguzi anasema koo halitarudi lilivyokuwa. Anaweza kuishi nalo miaka, anaweza asiishi, na kila mlo mimi bado nahesabu mpaka tano.

Kwa hiyo mkipita kwetu saa saba mchana, mkamsikia Baba ndani anataja neno, ananyamaza, anataja jingine, msiende kusema mjini kwamba Mwalimu amechanganyikiwa. Simu iko kwenye meza, kando ya sahani, na upande wa pili Baba mdogo naye ana sahani yake. Anameza huyu, anasema neno. Anameza yule, anajibu.